PICHA ZA AINA ZA NDIZI: HISTORIA YA HAZINA ILIYOJENGWA NA WENGI

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wasomaji watakuta kurasa nyingi zinazohusu kahawa: uzito wake, bei yake na njia yake hadi sokoni. Ndivyo ipasavyo, maana kahawa ndiyo iliyotukutanisha. Lakini kila mwanachama wa Kagera ajua kwamba kahawa yake imesimama kivulini mwa migomba ya kibanja, na kwamba fedha ya kahawa huja kwa msimu, bali ndizi huliwa mwaka mzima. Kwa hiyo twaona yafaa kuzitoa kurasa hizi chache kwa habari za ndizi. Hatutaeleza kilimo chake, maana wasomaji wetu wanakijua kuliko sisi. Tutaeleza jinsi watu wa nchi nyingi walivyoshirikiana kukusanya maelezo na picha za aina za ndizi, ili kila aina itambulikane kwa sura yake popote ilipo.

Huenda mwanachama akauliza: picha ya mgomba ina faida gani, na mgomba wenyewe uko nyuma ya nyumba? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika majina. Migomba tuilayo hatuioteshi kwa mbegu, bali kwa machipukizi. Chipukizi hupewa ndugu, jirani au rafiki aliyekuja matembezi. Nalo likivuka mto au mpaka, aghalabu hupata jina jipya. Ndizi iitwayo Bogoya nchini Uganda ndiyo ile ile ambayo wafanya biashara wa ng'ambo waliijua kwa jina la Gros Michel. Ile iitwayo Kayinja huitwa Pisang Awak katika nchi za Asia ya Mashariki ya Kusini. Nayo aina ya Yangambi Km 5 imebeba jina la kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, jina lisilotuambia lolote juu ya rangi wala ladha yake. Hali kadhalika jina moja laweza kubeba migomba miwili tofauti katika vijiji viwili.

Hasara ya jambo hili huangukia mkulima. Apandaye chipukizi kwa kulitegemea jina peke yake hujua kwamba amepewa aina nyingine baada ya mwaka mzima au zaidi, mkungu unapotoka. Kuna hasara nyingine kubwa kuliko hiyo: aina ikitoweka, na jina lake lingali likitajwa juu ya mgomba mwingine, hakuna atambuaye kwamba imetoweka.

Wataalamu wa Ulaya nao walitatizwa na majina. Mwaka 1736 Bwana Linnaeus wa Sweden, aliyekuwa akitunza bustani ya tajiri mmoja huko Uholanzi, alifaulu kuufanya mgomba utoe maua na kuzaa ndani ya nyumba ya vioo, akaandika kitabu kizima juu ya mgomba huo mmoja. Mwaka 1753 aliuita Musa paradisiaca, na mwaka 1759 akaongeza jina la Musa sapientum kwa ndizi tamu ya kuliwa mbivu. Kwa miaka karibu 200 wataalamu walijaribu kuziingiza ndizi zote za ulimwengu katika majina hayo na mengine ya namna hiyo, wala hazikuingia. Baadaye ikajulikana kwamba migomba yote miwili ya Linnaeus ilikuwa machotara ya mimea miwili ya mwituni, Musa acuminata na Musa balbisiana.

Palikuwa na shida nyingine. Mimea mingi huhifadhiwa kwa kukaushwa na kubanwa katika karatasi, kisha huwekwa kabatini ili wengine waichunguze. Mgomba haukubali jambo hilo. Jani lake lazidi urefu wa mtu, shina lake limejaa maji, na rangi za ua lake hufifia likikauka. Alama zile zile zinazotenga aina na aina ndizo zinazopotea kwanza. Kwa hiyo picha, na hasa picha ya rangi, ilikuja kuwa kitu cha lazima kwa mgomba kuliko kwa mimea mingine mingi.

Katika Afrika ya Mashariki kazi ya kuorodhesha ilipata nguvu katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1951 na 1952 Bwana Baker na Bwana Simmonds walichapisha habari za ndizi za nchi zetu katika sehemu mbili, na sehemu ya pili ilikuwa orodha ya aina pamoja na maelezo yake. Mwaka 1955 Bwana Simmonds na Bwana Shepherd walitoa njia mpya ya kuzipanga ndizi zote. Walichagua alama 15 za mgomba, kama vile mfereji wa kikonyo cha jani, madoa ya shina, na umbo na rangi ya magamba yanayofunika ua. Kila alama walipa pointi kutoka 1 hadi 5. Mgomba uliopata jumla ya 15 ulikuwa acuminata kamili. Uliopata 75 ulikuwa balbisiana kamili. Na machotara walisimama katikati. Mwaka 1957 Bwana Shepherd aliandika tena juu ya ndizi za Afrika ya Mashariki, na ndizi zetu za nyanda za juu zikaja kujulikana kwa wataalamu kama kundi la Lujugira-Mutika.

Hata hivyo, orodha ya maneno haikutosha. Mtu mmoja aandikapo "wekundu hafifu", mwingine huona zambarau. Hatua kubwa ilifuata baada ya mwaka 1985, ulipoanzishwa mtandao wa kimataifa wa kuendeleza ndizi, na hifadhi yake ikawekwa katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Huko zimehifadhiwa sampuli zaidi ya 1,500 za ndizi, nyingi zikiwa miche midogo sana ndani ya chupa za kioo. Lakini mche wa chupani hauna mkungu wala ua, na mtu akiutazama hawezi kujua ni ndizi gani. Basi ikapasa picha za mgomba uliokomaa shambani ziambatane na kumbukumbu za miche hiyo. Mwaka 1996 kilitolewa kitabu cha alama za kuutambulisha mgomba, chenye vielelezo vya kupimia umbo na rangi. Na mwaka 2001 kikatoka kitabu cha Musalogue, chenye picha na maelezo ya aina nyingi za ulimwengu. Leo picha hizo hukusanywa katika kumbukumbu moja iitwayo MGIS, ambayo mtu yeyote aweza kuitazama kwa njia ya intaneti, na vituo vya nchi nyingi huchangia. Mwaka 2011 vituo hivyo viliunganishwa katika mtandao wa MusaNet.

Twaomba wasomaji waangalie sana jinsi picha hizo zinavyopigwa, maana humo ndimo ilimo siri ya ushirikiano huo. Kila mchangiaji hufuata utaratibu mmoja. Hupiga picha ya mgomba mzima, shina lake, kikonyo cha jani kilichokatwa ili mfereji uonekane, mkungu, chane, ndizi iliyokatwa, na ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu. Kando ya kitu huwekwa rula ya kuonyesha ukubwa, na kipimo cha rangi. Wanachama wetu hawatashindwa kuelewa sababu yake. Ushirika wowote wa mazao hauwezi kusimama kama kila kijiji kina mizani yake, wala kumbukumbu ya picha haiwezi kusimama kama kila mtu anapiga picha apendavyo. Picha elfu zilizopigwa ovyo hazilinganishiki; picha chache za utaratibu mmoja zaweza kuamua kama mgomba wa Bukoba na mgomba wa Masaka ni mmoja au ni miwili.

Katika kazi hii jicho la mkulima limepata heshima ambayo wengi hawakuitazamia. Mwaka 1998 Bibi Deborah Karamura wa Uganda alizipanga ndizi za nyanda za juu katika mafungu matano, nayo yakaitwa kwa majina ya wakulima wenyewe: Nfuuka, Nakitembe, Nakabululu, Musakala na Mbidde. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya ndizi hizo, ukaonyesha kwamba zote zafanana mno, kana kwamba zilitoka katika mgomba mmoja wa kale uliogawanywa kwa machipukizi. Maana yake ni hii: pale ambapo kipimo cha maabara kiliona karibu kitu kimoja, bibi zetu waliona Nshakala, Enchoncho na Entobe, na wakajua ipi ya kupika na ipi ya kuacha. Ujuzi huo ukipotea, mashine peke yake haitaurudisha. Utahifadhiwa na picha nzuri, iliyoandikwa kando yake jina la kijijini na matumizi ya ndizi.

Kisa cha Mchare ni ushahidi mwingine. Kwa miaka mingi Mchare wa Kilimanjaro, Muraru wa Kenya na Mlali wa visiwa vya Komoro walihesabiwa kama watu baki. Walipolinganishwa walionekana kuwa ukoo mmoja. Tena wataalamu wamegundua kwamba ukoo huo ulichangia uzazi wa ndizi ya Cavendish, ile iuzwayo katika masoko ya Ulaya na Marekani.

Mambo haya si anasa ya wasomi. Kati ya 1997 na 2002, migomba ya aina mpya zenye kustahimili magonjwa iligawiwa wakulima wa Kagera kwa msaada wa Ubelgiji, nayo asili yake ilipitia hifadhi ile ile ya Leuven. Mwaka 2001 mnyauko uitwao unyanjano ulitokea Uganda, na mwaka 2006 ukathibitika mkoani kwetu. Mgomba ulioshikwa na ugonjwa huo hung'olewa, na katika vibanja vingine aina za zamani zimeng'olewa pamoja nao. Aliye na kumbukumbu aweza kutafuta chipukizi safi la aina ile ile kwingineko. Asiye nayo hupanda apewacho.

Kwa hiyo twapenda kutoa shauri kwa vyama vya msingi. Kila chama kifungue daftari moja la migomba, na mabwana shamba wasaidie kuweka utaratibu tulioutaja. Simu zenye kamera zatosha kwa kazi hiyo. Picha ipigwe kabla ya mkulima kuliondoa ua la kiume, au ua lile lile lipigwe picha mara tu liondolewapo kwa ule mti wenye panda, maana kuliondoa mapema ni kinga dhidi ya unyanjano, wala kazi ya picha isiwe sababu ya kuchelewa. Kisu kitumikacho kukata kikonyo au ndizi kisafishwe kwa moto au dawa kabla ya kuhamia mgomba mwingine, isije picha ikapeleka ugonjwa kibanjani. Majina yote yaandikwe, hata yakiwa matatu kwa mgomba mmoja, na lisifutwe lolote kwa kuwa mwandishi halijui. Nakala ya daftari ibaki kijijini, maana yaliyomo ni mali ya waliotoa.

Katika miaka hii 10 tumejifunza kutia kahawa ya wengi katika ghala moja bila mtu kupoteza haki ya gunia lake. Katika miaka 10 ijayo twaweza kutia ujuzi wa wengi katika daftari moja kwa namna hiyo hiyo. Kazi hiyo ianze na wazee, maana wao ndio wanaozijua aina ambazo zimebakiza shina moja au mawili tu kibanjani.