Abajuru ya kitambaa: namna ya kuitengeneza, na ampule inayofaa kuwa ndani yake

Katika nyumba nyingi za Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, taa ya saluni ni ampule moja tu inayoning'inia katikati ya plafo bila kitu chochote juu yake. Mwanga wake mweupe unachoma macho, na mgeni akikaa chini yake anaonekana kama mtu aliyeamka na homa. Kuivika nguo taa hiyo si kazi ya pesa nyingi. Kipande cha kitenge kilichobaki kwa mshonaji kinatosha, hata shuka ya zamani inafaa. Lakini kuna mambo ya kujua mbele ya kuanza, juu kitambaa na moto ni vitu visivyozoeana.

Neno abajuru limetoka kwa Kifaransa, abat-jour, yaani kitu kinachoangusha mwanga chini. Jina lenyewe linaeleza kazi yake. Wavuvi wa ndagala wanaijua kazi hiyo vizuri: taa ya mtumbwi ikiwa na kofia ya bati juu, mwanga haupotei angani, unashuka majini kule samaki waliko. Nyumbani ni vilevile. Abajuru nzuri inaficha ampule kwa macho ya mtu aliyekaa, kiisha inapeleka mwanga mezani ama ukutani.

Jambo la kwanza ni ampule yenyewe. Ile ya kizamani, yenye waya mwembamba unaong'aa ndani ya kioo, inageuza zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za umeme kuwa joto. Ya wati 60 ikiisha kuwaka dakika chache haigusiki kwa mkono. Ulaya ilianza kuziondoa sokoni mwaka 2009 juu ya kupoteza umeme, lakini huku bado mtu anaweza kukutana nazo. Hiyo isiwekwe ndani ya kitambaa. Ampule ya LED ya wati 8 ama 9 inatoa mwanga karibu sawa na ile ya wati 60, na joto lake ni kidogo sana. Hata hivyo nayo inahitaji kupumua: abajuru iachwe wazi juu na chini, na kitambaa kikae mbali na ampule kwa upana wa vidole vitatu ama zaidi.

Buji na taa ya petroli haziingii kabisa katika habari hii. Kuna watu wanaofunika buji kwa kitambaa ama karatasi usiku moto ikikatika, kwa kutafuta mwanga wa pole. Hilo ni kuita balaa, sana sana kama musikitere iko karibu na watoto wamelala ndani. Bukavu inajua: katika mitaa ya nyumba za mbao kama Kadutu, moto mmoja mdogo umechoma safu nzima za nyumba, na si mara moja.

Jambo la pili ni rangi ya mwanga. Kwenye karatoni ya ampule kunaandikwa namba yenye herufi K. Ile ya 2700 mpaka 3000 ni mwanga wa njano, unaofanana na wa jioni. Ile ya 6500 ni nyeupe ya kuelekea bluu, na ndiyo inayofanya saluni ifanane na dispanseri. Kwa abajuru, ya njano ni bora. Tena wadudu wa usiku kwa kawaida wanavutwa kidogo na mwanga wa njano kuliko ule wa bluu. Mtu aliyewahi kula chakula cha jioni mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakianguka ndani ya sahani, ataona faida hiyo haraka.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba. Tambarare ya Ruzizi ililimwa pamba miaka mingi, lakini leo kitenge kinachouzwa sokoni kinatoka mbali, na si kila kitenge ni pamba, hata kama muuzaji anaapa. Ni vema kujipimia. Ung'oe uzi mmoja, uuchome nje ya nyumba. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na inaacha majivu laini. Uzi wa plastiki unayeyuka, unajikunja kuwa tone gumu jeusi, na harufu yake inajulikana. Huo usishonwe abajuru.

Rangi nayo ina neno lake. Kitenge cha bluu nzito ama kahawia kinameza mwanga mwingi. Kinapendeza mchana, lakini usiku chumba kinabaki giza na ua la kitenge halionekani tena. Chenye sehemu nyingi nyeupe, njano ama rangi ya machungwa kinapitisha mwanga na maua yake yanawaka. Pale watoto wanaposomea, afadhali shuka nyeupe, ama kitenge kilichopigwa kitambaa cheupe upande wa ndani, na mdomo wa chini uwe mpana. Mwanga wa pole ni wa kupumzikia. Mtoto anayeandika mazoezi ya shule chini ya abajuru nzito anaumiza macho bure.

Kwa mifupa ya abajuru, neti ya vantilateri iliyokufa inatoa duara mbili nzuri za waya. Kama haiko, waya mgumu ama kipande cha mwanzi kinatosha. Duara ya upana wa sentimita 30 ina mzunguko wa sentimita 94, basi kitambaa kikatwe 97 ili kishonwe. Urefu wa 22 mpaka 25 unatosha kwa nyumba isiyo na plafo ndefu. Kushona kwa uzi ni bora kuliko kubandika. Gundi ya unga wa muhogo inashika vizuri, lakini mende na panya wanaijua pia. Vikapu navyo vinafanya abajuru zenye kutupa vivuli vizuri ukutani, kwa sharti lile lile: LED tu.

Umeme wa Uvira unatoka kwenye mto Ruzizi, ambako mtambo wa kwanza ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na wa pili, unaotumiwa pamoja na Burundi na Rwanda, ulianza mwaka 1989. Kila mtu wa hapa anajua moto inavyokatika na kurudi bila kupiga hodi, mara nyingine kwa nguvu inayopasua ampule. Kwa sababu hiyo, anayefunga abajuru asiseme tu «SNEL imekata» na kupanda juu ya kiti. Inaweza kurudi mkono ukiwa ndani ya duyi. Azime dizonteri ya nyumba kwanza. Tena uzito wa abajuru usibebwe na waya za umeme, ufungwe kwenye ndoano iliyopigwa kwa mbao. Mwenye pano ya jua na batri anatumia ampule ya volti 12, na asiichanganye na ile ya volti 220, maana duyi zinaweza kufanana.

Wakati wa kiangazi vumbi linajaa juu ya kitambaa na mwanga unapungua kidogo kidogo mpaka watu wanafikiri ampule imechoka. Kifunguliwe, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida, kikaushwe kabisa mbele ya kurudishwa. Kama siku moja panaonekana doa la kahawia upande wa juu, hilo si vumbi. Kitambaa kimeanza kuungua, na ampule itolewe usiku uleule.