Kutu na Baruti: Tendo Moja, Majina Mawili

Wanafunzi wetu wanaofasiri matini za sayansi hushangaa wanapokuta kutu na baruti katika sura moja. Katika Kiswahili maneno haya hayana ukoo. Kutu ni ya jembe lililoachwa nje kwenye umande. Baruti ni ya vita na ya machimbo ya mawe. Hata hivyo, kikemia tendo ni moja: kitu kuungana na oksijeni. Chuma, kwa msaada wa maji, huichukua hewani polepole. Baruti haingoji hewa. Imebeba oksijeni yake ndani ya shura, ambayo ni kama asilimia 75 ya mchanganyiko, inayobaki ikiwa makaa na salfa. Ndiyo maana huwaka hata ikishindiliwa ndani ya mtutu.

Mfaransa Antoine Lavoisier alizishughulikia pande zote mbili. Wanakemia wengi wa karne ya 18 waliamini kwamba metali ikichomwa hupoteza kitu, walichokiita filojistoni. Lavoisier alitumia mizani. Mwaka 1774 alieleza jinsi alivyochoma bati ndani ya chombo kilichofungwa: uzito wa jumla haukubadilika, lakini alipokifungua hewa iliingia kwa kasi, na bati lenyewe lilikuwa limeongezeka uzito. Metali haikupoteza kitu, ilikula hewa.

Mwaka 1775 aliteuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa baruti wa serikali, akahamishia maabara yake Arsenal, mjini Paris. Shura ilikuwa haba, na wachimbaji walikuwa na haki ya kuingia mazizini mwa raia kukwangua udongo, jambo lililochukiwa mno. Kazi yenyewe ilikuwa ya hatari. Oktoba 1788, huko Essonnes, baruti ya majaribio iliyotumia klorati ya potasiamu badala ya shura ililipuka na kuua watu wawili. Lavoisier na mkewe walikuwapo, wakanusurika.

Sisi walimu wa lugha tunavutiwa zaidi na mwaka 1787, yeye na wenzake watatu walipochapisha utaratibu mpya wa majina ya kemia. Oksijeni, kutoka Kigiriki, maana yake ni kizalisha asidi, kwani Lavoisier aliamini kila asidi inayo. Asidi ya hidrokloriki haina, lakini jina limebaki. Kwetu nako, kiberiti kilikuwa salfa, kama kilivyo katika Kiarabu. Leo ni njiti za kuwashia jiko.

Mfasiri hukwama hapa: kuungua linaifaa baruti, haliifai kutu. Uoksidishaji linazifaa zote mbili, ingawa ni zito mdomoni, nasi tunalipendelea kuliko maelezo marefu.

Wenye magobole waliujua uhusiano huu bila istilahi. Chumvi zinazoachwa na baruti mtutuni hunyonya unyevu. Usipouosha kwa maji ya moto na kuupaka mafuta siku ileile, hushika kutu upesi.