Gitaa Lilivyoingia Kanisani Kwetu Katanga

Siku ya Pentekoste mwaka jana, parokiani kwetu hapa Kolwezi, vijana wa kwaya walileta karibu na altare ubao mmoja mweusi, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Juu ya ubao huo walikuwa wamepanga visanduku saba vya chuma, kila kimoja na kitufe cha kukanyagwa kwa mguu na taa ndogo. Walikuwa wamechanga fedha miezi minane ili kuvinunua. Misa ilipoanza, gitaa la umeme lililia kwa sauti kubwa na tamu. Lakini ilipofika zaburi, mwangwi ulifuata mwangwi, sauti ikapanda juu ya sauti, na maneno ya mwimbaji yakazama kama jiwe majini. Baada ya Misa mama mmoja mzee, mjane wa mchimba shaba, alinishika mkono akasema: "Mwalimu, leo nimesikia mashine. Zaburi sikuisikia."

Basi, wazee wa parokia walitaka ubao ule uondolewe kabisa. Vijana nao walisema kwamba ubao ukiondoka, wao pia wataondoka. Baba Paroko aliniomba niseme neno katika mkutano, kwa kuwa nilipata kusoma seminarini. Lakini haifai mtu kuamua jambo kabla ya kujua asili yake. Kwa hiyo nilitafuta kwanza habari za gitaa katika nchi yetu, na hizo ndizo ninazowaletea leo.

Katika kambi za shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Shaba ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitoka mbali: Kasai, Ruanda, Angola, na ng'ambo ya mpaka katika nchi iitwayo leo Zambia. Hapo kwanza wanaume walikuja peke yao, wakafanya kazi miezi michache, wakarudi makwao. Tangu miaka ya 1920 kampuni iliona afadhali wakae na wake zao na watoto wao. Ndipo kambi zikawa miji, zenye shule, hospitali na kanisa. Kolwezi yetu ilianzishwa mwaka 1937 kwa njia hiyo hiyo. Watu wa makabila mengi walikaa nyumba kwa nyumba, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini, ya sokoni na ya sala.

Katika kambi hizo gitaa lilipata makao. Lilikuwa jepesi, halikuhitaji watu kumi kama ngoma za kijijini, na mtu mmoja aliyetoka kazini jioni aliweza kukaa mlangoni pake akapiga na kuimba. Liliingia pamoja na reli na maduka, mikononi mwa makarani na wafanyakazi waliopita njia za kusini.

Aliyelitukuza kuliko wote ni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Mfalme Msiri. Tazameni jina lake la ubatizo: ni la Mtakatifu Yohane Bosko, baba wa Wasalesiani, ambao walifika Katanga mwaka 1911. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, yaani Likasi, akazirekodi nyimbo zake, na mmojawapo uitwao "Masanga" ukasikika dunia nzima. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada, lakini msikilizaji alidhani yupo mwenzake karibu, kwa jinsi sauti za chini na za juu zilivyojibizana. Yeye na mwenzake Édouard Masengo walifika hata Nairobi, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kwao. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport huko Marekani.

Lakini kanisani gitaa halikuingia. Kwa nini?

Sheria ya Kanisa na ngoma za Kamina

Mwaka 1903 Baba Mtakatifu Pius X alitoa agizo juu ya muziki mtakatifu. Alitaka kuondoa kanisani mambo ya michezo na maonyesho yaliyokuwa yameingia Ulaya. Aliweka mbele wimbo wa Kigregori na kinanda cha filimbi, akakataza piano, pamoja na ngoma na vyombo vingine vya makelele. Agizo lile liliandikwa kwa sababu ya makanisa ya Ulaya, lakini lilifika hata huku, ambako ngoma si kelele bali ni ulimi wa watu. Piano ikikataliwa, nani angethubutu kuleta gitaa, ambalo watu walilijua kutoka vilabuni?

Hata hivyo muziki wa kwetu haukulala. Huko Elisabethville Dom Anschaire Lamoral, Mbenedikto, alianzisha mwaka 1937 kwaya ya wavulana iliyoitwa Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lakumbusha misalaba ya shaba iliyotumika zamani katika nchi yetu kama fedha. Katika mji huo huo mwalimu Joseph Kiwele, aliyefundishwa na wamisionari, alitunga Misa iitwayo "Missa Katanga". Ndiye pia aliyetunga wimbo wa taifa wa Katanga mwaka 1960, alipokuwa waziri wa elimu.

Mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pius XII aliwahimiza wamisionari wazithamini nyimbo za dini za watu wanaowahubiri. Huko Kamina Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amekusanya wavulana na walimu wa shule, akawaacha waimbe maneno ya Kilatini kwa namna ya Kiluba. Hakuwaandikia kila sauti kwenye karatasi. Waliibuni wenyewe walipokuwa wakiimba, kwa kufuata nyimbo za kilio, za ndoa na za kuagana. Hivyo mwaka 1958 ilizaliwa "Missa Luba". Mwaka huo huo vijana wale walikwenda Ulaya, wakaimba katika Maonyesho Makuu ya Brussels. Katika Misa ile hamna gitaa, ila sauti za watu na ngoma. Lakini ilifungua mlango ambao gitaa lilipitia baadaye.

Mtaguso wafungua mlango, lakini waacha bawabu

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia Takatifu. Humo kinanda cha filimbi kinabaki na heshima yake. Lakini vyombo vingine vyaweza kupokelewa kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa wa mahali, vikitimiza masharti matatu: vifae kwa matumizi matakatifu, vipatane na heshima ya nyumba ya Mungu, na visaidie kweli kuwajenga waamini. Mwaka 1967 Roma ilieleza zaidi: katika kupokea chombo yafaa kuangalia desturi za kila taifa, lakini chombo ambacho watu wote wanakiona kuwa cha mambo ya kidunia tu, hicho kisitumike katika ibada.

Ndugu, angalieni neno hilo: watu wanakionaje? Chombo hakina dhambi mbaoni wala katika nyuzi zake. Kinachopimwa ni moyo wa watu wanaokisikia. Mwaka 1952 gitaa likilia Jadotville, mtu alikumbuka kilabu. Leo kijana wa Kolwezi aliyezaliwa katika parokia yenye gitaa akilisikia, akumbuka Misa. Desturi imegeuka, na uamuzi wageuka pamoja nayo. Jimbo letu la Kolwezi liliundwa mwaka 1971, na mwaka 1988 Roma ilithibitisha Misale kwa majimbo ya Zaire, ambamo ngoma, makofi na mwendo wa kucheza vimepata mahali pake kwa utaratibu. Tangu hapo hakuna awezaye kusema kwamba muziki wa watu wetu ni mgeni altareni.

Shaba yarudi nyumbani

Lakini gitaa la umeme je? Wazee wengine husema: la mbao sawa, la umeme ni la wazungu. Niliwauliza mkutanoni: je, mnajua limetengenezwa kwa nini?

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku. Sumaku hiyo imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, ukapita kwenye kebo mpaka kwenye mashine ya kukuza sauti. Na sumaku yenyewe, katika magitaa mengi, ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Basi, shaba na kobalti! Nchi gani inatoa kobalti nyingi kuliko zote duniani, kama si hii yetu, ambamo vijana wetu wengine huichimba kwa mikono? Hata visanduku vya kukanyaga: kile cha kukwaruza sauti kilipouzwa kwanza Marekani mwaka 1962, kilitumia transista za germaniamu, na miaka ya 1950 mgodi wa Kipushi ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa ya dunia kwa germaniamu. Siwezi kusema kwamba kipande hiki au kile kilitoka kwetu. Lakini madini ya namna hiyo ndiyo baba zetu waliyoyatoa ardhini kwa jasho. Yakirudi kama wimbo wa kumsifu Mungu, tusiyaite mageni.

Wazee walicheka, na hasira ikapoa. Ndipo tukazungumza juu ya ubao wenyewe.

Juu ya kupanga visanduku

Yafaa kwanza kujua kazi ya kila kimoja. Sauti hupita kutoka kisanduku hadi kisanduku kama maji mferejini, hivyo mpangilio wake ni muhimu. Kwanza huwekwa cha kupima nyuzi, ili gitaa lilingane kimya kimya, bila kusumbua sala. Kisha cha kusawazisha nguvu, ili sauti ndogo isipotee na kubwa isishtue. Kisha cha kukwaruza, kidogo tu. Baada yake hufuata cha kupunguza na kuongeza sauti kwa mguu; halafu vile vya mwangwi, na mwisho kile kinachoiga sauti ya nyumba kubwa. Ukitanguliza mwangwi mbele ya kukwaruza, mwangwi wote utakwaruzwa, na hapo hutasikia ila uji.

Pili, umeme. Visanduku vingi hutaka volti 9. Jumlisheni miliampea za vyote, kisha mtafute chanzo kinachozidi jumla hiyo. Na afadhali kila kisanduku kiwe na tundu lake lililotengwa, maana vikichangia tundu moja huleta mvumo. Angalieni pia upande wa chanya na wa hasi, kwa sababu ukikosea waweza kuunguza kisanduku mara moja. Wala msikate waya wa ardhi ili kuondoa mvumo: waya ule walinda uhai wa mpigaji. Tangu mwaka 1982 njia ya umeme kutoka Inga, yapata kilomita 1,700, yaishia hapa Kolwezi. Lakini sote twajua jinsi umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Kwa hiyo wekeni mashine ya kusawazisha umeme kabla ya vyombo vyote, na mpigaji awe tayari kuendelea na gitaa la mbao taa zikizimika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, sikilizeni kanisa lenyewe. Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Kanisa la urefu wa mita 34 hurudisha sauti kutoka ukuta wa nyuma baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Maana yake, kanisa la matofali na mabati limekwisha kuwa kisanduku cha mwangwi, tulichopewa bure! Vijana wetu walipanga ubao wao katika chumba kidogo chenye mapazia, ambamo mwangwi ulikuwa mzuri. Walipoingia kanisani wakaongeza mwangwi juu ya mwangwi. Hilo ndilo lililoizamisha zaburi.

Kilikuwako pia kisanduku cha kuhifadhi sauti na kuirudia chenyewe. Hicho niliomba kiondolewe. Mwaka 1958 Roma ilikataza katika ibada mashine zinazoimba zenyewe, kama gramafoni, na naona sababu yake ingali ya kweli: anayemsifu Mungu ni mtu, naye mtu hupumua, hukosea na hungoja wenzake.

Tulivyoafikiana

Tulipatana hivi. Visanduku vitano vibaki, viwili vitoke. Wakati wa zaburi mwangwi wote ufungwe. Na kabla ya kila Dominika kubwa, mtu mmoja akae kiti cha nyuma kabisa wakati wa mazoezi. Asiposikia maneno, sauti ishushwe. Kwa kazi hiyo tulimchagua mama yule mjane. Hajui kusoma, lakini zaburi nyingi azijua kwa moyo, na neno likipotea yeye hulijua mara moja.

Kijana mmoja hakuridhika, akaacha kwaya. Tungali tunamwombea na kumtembelea. Mzee mmoja naye husimama nje gitaa likianza, akaingia likinyamaza. Na mama yule? Jumamosi iliyopita alikaa nyuma, kichwa chini, mpaka mwisho wa wimbo. Kisha akainua mkono, akasema, "Ngoma ilikuwa bora. Lakini maneno nimeyasikia yote. Endeleeni."