Kuwamba Siti: Tarihi Fupi ya Tandiko la Pikipiki

Mwezi wa Novemba mwaka 1885, katika mji wa Cannstatt nchini Ujerumani, chombo cha mti chenye magurudumu mawili makubwa, na mengine mawili madogo ya kukizuia kisianguke ubavu, kilichoundwa na Gottlieb Daimler pamoja na mwenziwe Wilhelm Maybach, kilitoka njiani kikiwa kimempakia mtoto mmoja wa Daimler. Na husimuliwa kwamba kabla safari haijaisha tandiko la ngozi lilishika moto, kwa sababu bomba la kuwashia mafuta lilikuwa limewekwa chini yake barabara. Waandishi wa tarihi ya pikipiki hupenda kuisifu injini ile. Mimi nalikumbuka tandiko, maana wote walipokuwa wakiishangaa injini, hapana aliyeandika jina la fundi aliyeitwa kuliwamba upya.

Neno tandiko lilikuwa la punda na farasi kabla ya kuwa la chombo cha moto, na mafundi wa ngozi waliowashonea wanyama ndio walioirithi kazi hii mpya. John Boultbee Brooks alianza biashara ya vitu vya ngozi huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, na mwaka 1882 akapata hati ya kulinda ubunifu wa tandiko lake la baiskeli, ambalo ndugu zake wanene zaidi walikuja kukaa juu ya pikipiki: kipande kimoja cha ngozi nzito, kilichowambwa mithili ya machela baina ya chuma cha mbele na chuma cha nyuma, kikakazwa kwa ribiti za shaba. Hapakuwa na gundi, wala sponji, wala msumari. Sisi wa mwambao, ambao wazee wetu wa visiwa vya Lamu waliunda mitepe kwa kushona mbao kwa kamba za makumbi pasipo msumari wa chuma, hatuna sababu ya kustaajabu tukiambiwa kwamba kitu cha namna ile kilidumu. Kilipolegea kilikazwa kwa parafujo yake, na aghalabu kilimzika mwenyewe.

Kilicholiondoa tandiko hilo ni abiria. Baada ya vita vikuu vya pili watu walitaka siti moja ndefu ya kukaa wawili, na vitu vya kuitengenezea vilikuwa tayari: sponji ya mpira iliyozuliwa na kampuni ya Dunlop mwishoni mwa miaka ya 1920, ambayo baadaye iliipisha sponji ya poliyurethani, tunda la uvumbuzi wa Otto Bayer wa mwaka 1937, na badala ya ngozi, plastiki laini ya PVC, ambayo Waldo Semon aliijulia dawa ya kuilainisha huko Marekani mwaka 1926. Chini ya vitu hivyo kilikaa kitako cha bati la chuma, na chuma hakipigwi pini. Kwa hiyo viwanda vilichonga meno madogo ukingoni mwa bati, kava likavutwa likanaswa juu yake, kisha meno yakalazwa kwa nyundo, na fundi aliyetaka kulibadili hakuhitaji ila bisibisi, koleo na subira, maana meno yaliyoliwa na kutu hukatika ukiyainua mara ya pili.

Wakati huo mafundi makochi walikuwa na dunia yao. Huko Ulaya na Marekani walijaza midomo misumari midogo, wakaitema mmoja mmoja juu ya kichwa cha nyundo yenye sumaku, hata zikaja stepla za mkono kama ile T50 ya kampuni ya Arrow, iliyoanzia Brooklyn mwaka 1929, nazo zikawapumzisha midomo. Zana hizo ziliumbiwa mti, na hazikuwa na haja na pikipiki mpaka kitako cha chuma kilipoacha nafasi yake kwa kitako cha plastiki.

Hapo ndipo ilipozaliwa kadhia ya kuchagua stepla, na wengi hukosea kwa kuupima mkono wao wakakisahau kitako. Stepla ya mkono hupiga pini nene. Mti huikumbatia pini hiyo, ilhali plastiki ngumu huirudisha, na mkono ukilegea kidogo stepla huruka, pini ikabaki nusu ndani nusu nje kama jino la mtoto. Ya umeme ya bei nafuu, kwa rai yangu, ni mbaya zaidi, kwa kuwa kelele zake ni nyingi kuliko pigo lake. Ya upepo, iliyofungwa kwenye kompresa, ndiyo bwana wao: hutumia pini nyembamba, aina ya 80 yenye mgongo wa takriban milimita 13, au ya 71 yenye mgongo wa milimita 9, nayo hupenya kwa pigo moja kabla plastiki haijapata nafasi ya kunesa. Mtihani uko katika miguu ya pini. Kitako chenye unene wa milimita 3 hivi chatosheka na pini ya milimita 6. Ya 10 hutokeza upande wa pili, na ukingoni huweza kulitoboa kava lenyewe, na abiria ataijua siku moja bila ya kuambiwa. Kwa sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, pini isiyoshika kutu, ijapokuwa ghali, hurudisha thamani yake katika masika ya kwanza.

Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, jina la bodaboda lilianza katika miaka ya 1960, na siti ya abiria ilikuwa mto uliofungwa juu ya keria ya baiskeli. Pikipiki zilifuata baadaye, na mwaka 2008, Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, zikafurika. Siti inayokaliwa kutwa na kuanikwa juani hupasuka upesi, na pini, ambayo huingia kwa dakika na kung'oka kwa dakika, ililigeuza kava kuwa vazi la msimu. Brooks asingeipenda biashara hii. Mafundi makochi wetu wanaila.

Nilimtazama mmoja wao, Tanga, chini ya mwarobaini. Aliliweka kava jipya juani kwanza lilainike, akapiga pini mbili katikati ya mbele, mbili katikati ya nyuma, akavuta mbavu, na pembe akaziacha mwisho, akizikunja kidogo kidogo kwa kidole gumba hata mikunjo ikaingia chini isikoonekana. Kabla ya hapo alikuwa amenigeuzia kitako nikione: safu tatu za matundu ukingoni, moja ya kiwandani, iliyonyooka, na mbili za mafundi waliomtangulia, zilizopinda. Alitafuta mahali pazima baina ya matundu hayo, akakiegemeza kitako juu ya gogo kisinese, ndipo akafungua upepo.