Mapenzi ya Mungu: Tarehe ya Jarida na Ubishi wa Masihi

Kwa mkazi wa Levolosi, Arusha, "Sheikh Amri Abeid" ni uwanja: mpira, gwaride, mkutano wa hadhara. Sheikh mwenyewe, Kaluta Amri Abedi, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alikuwa Mwahmadiyya. Jumuiya yake ina jarida la Kiswahili, Mapenzi ya Mungu, lililokulia katika ubishi juu ya siku za mwisho.

1889. Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, Punjab, anaanzisha Jumuiya ya Ahmadiyya. Baadaye anadai kuwa yeye ndiye Masihi na Mahdi aliyeahidiwa. Anafundisha kwamba Nabii Isa alikufa kama wafavyo watu, na kaburi lake liko Srinagar, Kashmir. Masheikh wa Kisunni wanapinga: Isa alipaishwa hai, atashuka Kiyama kikikaribia, na baada ya Muhammad hakuna nabii mwingine.

1934. Sheikh Mubarak Ahmad, mhubiri wa jumuiya hiyo, anawasili Afrika Mashariki.

1936. Mapenzi ya Mungu linaanza kutoka kila mwezi. Hoja ya kifo cha Isa inawagusa padri na sheikh kwa pamoja, kwa hiyo jarida linapigana pande mbili. Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikwisha kuanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Mabishano yanatoka kwenye darasa za Kiarabu na kuingia barazani. Tabora inakuwa ngome ya Waahmadiyya, na hapo ndipo kijana Amri, mzaliwa wa Ujiji mwaka 1924, anapokutana nao akiwa shuleni.

1953. Sheikh Mubarak anatoa Kurani Tukufu kwa Kiswahili, Amri akiwa miongoni mwa waliomsaidia. Kabla ya hapo, tafsiri kamili iliyokuwapo ni ya padri, Godfrey Dale wa Zanzibar, ya mwaka 1923.

1964. Amri, aliyekwisha kuwa waziri wa sheria, anafariki Ujerumani akiwa na miaka 40.

1969. Sheikh Abdallah Saleh Farsy anakamilisha tafsiri ya Kisunni, Qurani Takatifu, ambamo anawajibu "Makadiani", yaani Waahmadiyya, waziwazi. Ukiziweka tafsiri hizi mbili mezani, ubishi unauona hata kwenye tarakimu. Aya ya Al Imran inayogombaniwa kuhusu mwisho wa Isa ni ya 55 kwa Farsy na ya 56 kwa Mubarak, kwa kuwa Waahmadiyya huihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.

Mapenzi ya Mungu bado linachapishwa, na kila upande umebaki na itikadi yake. Aliyefaidika ni msomaji asiyejua Kiarabu. Kila aliyetaka kumvuta upande wake alilazimika kumfafanulia aya kwa lugha yake, na katika miaka 16 akapata tafsiri mbili kamili za Waislamu, apime mwenyewe.