Mtihani wa Kueleza Sababu

 Leo nataka tuzungumze juu ya kukariri na kuelewa, mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana kama mapacha.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Tukuyu. Jioni moja ya mvua tulikaa jikoni tukiota moto, na mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kuunganisha mitandao ya kompyuta, akanipa daftari. "Mjomba, naomba unisaili," akasema. Anajiandaa na mtihani wa vitendo wa CCIE, hati ya juu ya ufundi wa mitandao inayotolewa na kampuni ya Cisco ya Marekani. Ada na nauli ya kwenda Dubai kuufanya zilikusanywa kwa ndizi za dada yangu, kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na kwa michango ya ukoo.

Nikasoma swali la kwanza: kwa nini, katika itifaki iitwayo OSPF, kila eneo la mtandao lazima liungane na eneo sifuri? Akanitajia amri za kuandika kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, bila kusita. Nikamwambia, sikuuliza namna, nimeuliza sababu. Akanyamaza. Ndipo akanionyesha katika simu yake furushi la maswali na majibu aliyouziwa na mtu mjini. Namna zote zilikuwamo. Sababu hazikuwamo.

Sasa tuangalie historia. Mtihani huo ulianza mwaka 1993. Namba ya kwanza, 1024, ilipewa maabara yenyewe, na mtu wa kwanza kupewa namba, Stuart Biggs, akapata 1025. Siku hizo ulichukua siku mbili: mtahiniwa alijenga mtandao, kisha watahini wakauharibu, naye akatafuta hitilafu. Oktoba 2001 ukafupishwa kuwa siku moja, na sehemu hiyo ya hitilafu ikaondoka. Wenye kukariri wakapata mwanya. Maswali yalivuja, yakauzwa kama karanga.

Februari 2009 Cisco ikajibu. Katika mtihani wa ruta na swichi yakaongezwa maswali 4 ya kujieleza, kwa muda wa dakika 30. Hapakuwa na majibu ya kuchagua; mtu aliandika mistari michache kwa maneno yake mwenyewe. Mafundi wengi wa siku nyingi walilalamika, maana mkono uliozoea kazi si lazima uwe na ulimi. Oktoba mwaka huo kutafuta hitilafu kukarudishwa, na Mei 2010 yale maswali ya kujieleza yakaondolewa.

Lakini jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1891 Wamoraviani walifungua misheni Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa Berlin nao wakaingia Unyakyusa. Hao wa Berlin walikuwa Walutheri, watu wa Katekisimo Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529. Kitabu hicho, baada ya kila amri, huuliza maana yake. Ni swali la kujieleza kabisa! Ila jibu limeandikwa papo hapo chini yake, na mtoto hulikariri nalo. Kwa hiyo hata swali la maana kasuku aweza kulijibu. Kinachomshinda kasuku ni swali la pili.

Na swali la pili lilitoka kwa dada yangu, aliyekuwa akimenya ndizi. "Hilo eneo sifuri ni nini, stendi?"

Kijana akacheka, kisha akafikiri. "Ndiyo, mama. Magari ya vijijini yote yakipita stendi kuu, habari haiwezi kuzunguka mlango wa nyuma ikamrudia aliyeitoa kana kwamba ni mpya."

"Na stendi ikifungwa?"

Akafungua kitabu.

Tangu usiku huo walianza utaratibu wao. Swali moja kila jioni. Anaandika mistari minne: jambo lenyewe, sababu yake, kitakachoharibika lisipokuwapo, na namna ya kulithibitisha. Kisha anamsomea mama yake, naye anauliza la pili.

Utasema, msikilizaji, ya nini, ikiwa maswali yale yaliondolewa? Kwanza, mtihani wenyewe tangu mwaka 2020 una saa 8, na 3 za mwanzo ni za usanifu, ambapo mtu hupima njia ipi inafaa na kwa nini. Pili, kuna kazi baada ya mtihani. Barabara yetu inateremka hadi mpakani Kasumulu, ambako Mkongo wa Taifa unaungana na Malawi. Siku mawasiliano yakikatika huko, hitilafu haitakuja ikiwa imeandikwa katika furushi la mtu wa mjini.

Mpwa wangu ameahirisha safari. Baadhi ya wajomba wamenuna, kwa kuwa fedha ya ukoo ikikaa huonekana kama imepotea. Mimi nimesimama upande wake. Fedha iko benki, furushi amelifuta mbele yetu, na juzi nilipopiga simu nikaambiwa dada yangu sasa amefikia swali la tatu.