Kiganja cha Mzee na Barabara ya Safari

Mzee aliyenifundisha ufundi pale Gerezani, Dar es Salaam, hakuwa na mashine ya kupimia shokapu. Alikuwa na kiganja. Alikandamiza bodi juu ya gurudumu, akaliachia gari, akatazama. Likinyanyuka na kutulia papo hapo, shokapu ni nzima. Likinesa mara ya pili na ya tatu, alisema, "Hii imeshakufa, mwanangu."

Elimu hiyo aliipata ujanani, enzi za mashindano ya magari ya Safari. Yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zilezile za mabasi na malori. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena.

Miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Peugeot 404, Pijo ileile iliyobeba abiria na magunia mitaani kwetu. Mwaka 1966 na 1967 ilishinda pia, ikiendeshwa na Bert Shankland, dereva wa hapahapa Dar es Salaam. Siri ya gari hilo mafundi waliijua: springi ndefu na laini. Gurudumu lilizama shimoni na kutoka, bodi ikabaki imetulia. Mwaka 1970 ikaja zamu ya Datsun 1600 SSS ya Edgar Herrmann, ambayo kila gurudumu la nyuma lilicheza peke yake, la kulia lisimsumbue mwenzake wa kushoto.

Lakini springi hubeba tu. Anayeituliza ni shokapu. Ndani yake pistoni husukuma oili kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko wote hugeuka joto. Mzee alitushikisha shokapu ya gari lililotoka barabara ya vumbi yenye mawimbi: ilichoma vidole. Oili ikichemka hivyo hutoa povu, shokapu ikalegea, na gari likaanza kucheza ngoma kwenye kona. Shokapu za gesi zilikuja kutibu hilo, kwa kuibana oili isitoe povu.

Leo naona vijana wanakata springi kwa gurainda ili gari liinamie chini, na wengine wanapachika spensa nene ili liinuke. Nami niliwahi kukata, kwenye Corolla yangu ya kwanza. Kwenye lami lilionekana zuri. Kwenye matuta liligonga raba za chini, tairi zikaruka, usukani ukawa mwepesi mkononi kama hauna kitu. Tairi isiyogusa barabara haikati kona wala haishiki breki. Spensa nene nayo humaliza nafasi ya gurudumu kushuka shimoni, na sivijointi hupinda hadi zikafa kabla ya wakati.

Kwa gari la kwenda kazini kila siku, fuata utaratibu wa mzee. Anza na tairi nzuri na bushi mpya. Kisha badilisha shokapu, mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Springi ziguse mwisho, tena kama zimechoka au unabeba mzigo kila siku. Ukimaliza, pima alaimenti. Na kabla hujatoa hata shilingi moja, weka kiganja juu ya bodi, kandamiza, uachie, uhesabu.